Mume wa Hayes

Mlinzi wa lango la ghala alikuwa Mkongo wa Bukavu, jina lake Déogratias, na alimjibu Bi Miska kabla hajamaliza swali lake.

"Rajab Matar? Eko mule ndani, mama. Aliingia na asubui. Nikuitie yeye?"

Bi Miska alikuwa amejitayarisha kuambiwa hayupo. Alisimama kwenye upepo wa Januari, ndege zikishuka moja nyuma ya nyingine juu ya mapaa ya Hayes, akavuta mtandio wake shingoni.

"Niitie, baba. Mwambie nimetoka kwa wakili."

Juzi tu, ofisini Stratford, wakili Pramila alikuwa amempa kazi hii. Pramila ni Mhindi aliyezaliwa Kisumu, na Kiswahili chake hakina haya. Mteja wao ni Time, mwanamke kijana wa Wete, ambaye Wazungu wanamwita Taim naye amechoka kuwasahihisha. Alikuja Uingereza kumfuata mumewe, Rajab, Mpemba aliyepata uraia wa Denmark. Denmark imo katika Umoja wa Ulaya, na Uingereza nayo bado haijatoka, kwa hiyo Rajab anaruhusiwa kuishi London na kufanya kazi, na mkewe anaruhusiwa kukaa naye. Haki ya Time si yake mwenyewe, ipo mgongoni mwa mume. Mume akihama nchi, mke naye anaambiwa afunge mizigo.

"Kuna mtu amewapigia simu Uhamiaji," Pramila alisema. "Eti huyo bwana haonekani tangu Oktoba, amemwacha mke na kwenda zake. Alhamisi wanaitwa wote wawili. Miska, mimi siingii kile chumba kumtetea mume ambaye sijamwona tangu mwaka jana. Nataka macho yako, maneno ya watu nimeshayasikia."

Alimpa picha ya Idi. Rajab amevaa kanzu, Time pembeni yake amejitanda, mikono imejaa hina mpaka viwikoni, na upande wa pili amesimama ndugu yake Rajab, Ziyad. Ndugu hao wamefanana kama shilingi kwa ya pili.

"Na huyu?"

"Huyo alikataliwa ukimbizi zamani. Sijui alikoishia."

Sasa mlango mdogo wa ghala ulifunguka, akatoka mwanamume mwembamba aliyevaa koti la rangi ya machungwa, beji kifuani, mkebe wa chakula mkononi. Sura ni ile ya kwenye picha. Alimwamkia Bi Miska kwa adabu, "Shikamoo, Bi Mkubwa," wakakaa kwenye benchi la wavuta sigara, ambalo kwa bahati lilikuwa tupu.

Bi Miska alikuwa mkalimani mahakamani miaka mingi kabla ya kuanza kutafutia mawakili watu. Alijua kuuliza polepole, kama mtu anayechambua mchele.

"Mlioana wapi?"

"Wete, nyumbani kwa baba yake. Mfungo mosi, Ramadhani imekwisha tu. Alichinjwa ng'ombe, mvua ikanyesha watu wakalia chakula vyumbani."

"Mkeo anafanya kazi gani?"

"Anatunza wazee. Hapo hapo Barking."

"Mama yako hajambo?"

Hapo mtu yule alifungua mkebe wake, akaufunga.

"Hajambo. Aliumwa, sasa hajambo."

"Wewe ulikuwa bekari Barking. Unatoka mlangoni unafika kazini. Kwa nini umekuja huku, upande wa pili wa London?"

"Kule hakuna raha."

"Hapa ipo?"

Kila jibu lilikuwa sawa, na kila jibu lilitoka kama la mtoto wa chuoni aliyehifadhi sura bila kujua maana yake. Bi Miska akaamua kuuliza swali ambalo yeye mwenyewe hakulipenda.

"Mkeo hulala upande gani wa kitanda?"

Mtu yule aligeuka kutazama ukuta. Aliivuta kofia ya koti masikioni, na si kwa baridi.

"Swali gani hilo, Bi Mkubwa?"

"Si langu. Alhamisi ndiyo maswali yenyewe. Wewe chumba chako, yeye chumba chake, kisha wanalinganisha."

"Na yeye ataulizwa mambo kama hayo? Kunihusu mie?"

"Yeye kwanza."

Kengele ilipolia aliondoka na mkebe wake haujaguswa, na akasahau kuaga, mtu mwenye adabu vile.

Langoni Déogratias alimfungulia Bi Miska. "Ule Rajab ni mutu muzuri, mama. Lakini hajuake kucheka. Siye tunamuitaka Bwana Kilio."

"Amekuwa hapa muda mrefu?"

"Hapana. Ajenti ilimuleta nyuma ya Toussaint, sikukuu ya watakatifu, mwezi wa kumi na moja."

Kutoka stesheni alimpigia Pramila.

"Nimemwona. Yupo, anafanya kazi, jina lake analo kifuani."

"Alhamdulillahi yenu na Bhagwan yetu. Basi tufunge."

"Usifunge. Mtu wa Barking habadilishi treni alfajiri kwenda Hayes kubeba maboksi, ila kama Barking kuna macho anayoyakimbia. Niambie, kazini kwa Time wanasemaje?"

"Msimamizi anamsifu. Kosa lake moja, tangu Novemba hataki zamu za usiku. Zamani alikuwa akizigombania, zina malipo mazuri."

"Na za mchana?"

"Za mchana hakosi hata moja. Jua likianza kuzama tu anavaa koti. Anasema anaogopa giza."

Bi Miska alikuwa ameshageukia ubao wa treni za mashariki.

"Nakwenda Barking. Lakini nitapitia Upton Park kwanza, nina kitu cha kununua."

Alichonunua ni kichupa cha marashi ya haludi, yale mazito ya kwao, ambayo tone moja linakaa nguoni mpaka nguo ifuliwe mara mbili. Alikiweka mkobani. Njia nzima ndani ya basi alikuwa akikigusa na kukiacha, kama mtu aliyebeba kitu cha wizi.

Time alimpokea vizuri. Fleti ilikuwa ndogo, safi, ghorofa ya kwanza juu ya kinyozi. Chai ya maziwa ikaja na mkate wa mofa uliopashwa moto. Bi Miska alisifu, akaomba dua ya mwenyeji, na huku macho yake yanazunguka. Chetezo cha kufukizia udi kipo juu ya rafu, kimesuguliwa mpaka kinang'aa, hakina hata jivu. Chumba kinanuka sabuni ya vyombo tu, nyumba ya Mpemba na mtu hapati hata dalili ya udi. Mikono ya Time ilikuwa mitupu, haina bangili wala hina. Wanja hakupaka. Nguo yake ilikuwa ya kijivu, ya kukaa nayo jikoni, na alikuwa akimpokea mgeni.

"Mumeo nimemwona leo," Bi Miska alisema.

"Ndiyo." Time alimimina chai kwenye kikombe kilichokuwa kimeshajaa. Ikamwagika kwenye kisahani. "Hajambo?"

"Mke ndiye anamwuliza mgeni?"

"Anatoka mapema. Sijamsikia leo."

Bi Miska akatoa kichupa. Alijipaka mwenyewe kifundo cha mkono, chumba kizima kikabadilika harufu, kisha akanyoosha mkono kama wanavyofanya wanawake wanapotembeleana, mgeni kumpaka mwenyeji.

"Lete mkono, mwanangu. Nimekuletea ya nyumbani."

Time aliuvuta mkono wake kifuani, upesi, kama aliyeguswa na moto.

"Nisamehe, Bi Miska. Kichwa kinaniuma. Marashi siku hizi hayanikubali."

"Tangu lini?"

"Tangu baridi ilipoanza."

Bi Miska alikifunga kichupa. Alikuwa amefiwa na mume yeye pia, na katika siku zile jirani yake Mzungu alimletea sabuni ya mawaridi kwa huruma, akaipokea, akaiweka juu ya kabati mpaka eda ya miezi minne na siku kumi ilipokwisha. Alijua mkono unaokataa namna ile. Alikuwa amepata alichokitafuta, na kifundo chake kilichonukia kilimchoma. Aliomba maji. Alisimama kwenye sinki la watu akajisugua kwa sabuni ya vyombo, mara ya kwanza, mara ya pili, na harufu haikutoka.

Alipokuwa bado anajifuta, sauti ya kiume ilisikika nje.

"Hodi."

Funguo zililia mlangoni. Mtu alikuwa na funguo mkononi, na mlango haukufunguliwa. Alikuwa anangoja.

Time alisimama kwa haraka. Alivuta mtandio mpaka kwenye nyusi, akaushikilia chini ya kidevu, akaingia chumbani akabaki nyuma ya mlango uliorudishwa.

"Pita," alisema kutoka huko.

Mwanamume wa Hayes aliingia ameinamisha kichwa, akitazama zulia. Mlango wa nje aliuacha wazi nyuma yake. "Kuna mama mmoja katoka kwa wakili," alianza kusema, "kaja kazini, kauliza mambo ya..." Hapo akainua macho akamwona mama mwenyewe kasimama jikoni na taulo.

"Funga mlango, Rajab," Bi Miska alisema. "Baridi inaingia."

Hakuufunga. Aliutazama, akautazama mlango wa chumbani, na mkono wake haukwenda popote.

"Sasa kaa."

Alikaa ukingoni mwa kiti, karibu na mlango ule ule.

"Nimeishi miaka mingi, wanangu, na sijaona mume anayepiga hodi kwake na ufunguo anao. Sijaona anayeacha mlango wazi Januari kwa kuwa ndani yumo mkewe. Na mke kumfunikia mumewe nywele, hilo sijalisikia hata kwa wacha Mungu wa Makka." Aliiweka taulo chini. "Mwanamke wa kwetu humfunikia shemeji. Wewe ni Ziyad."

Mtu yule hakukataa. Alivua beji yake, akaiweka mezani kifudifudi.

Bi Miska aligeukia mlango wa chumbani. "Na wewe, mama. Usiku hutoki, mchana unatoka kwa dharura ya kazi. Hujifukizi, hujipaki, hujipambi. Eda yako imefika mwezi gani?"

Sauti ilitoka nyuma ya mlango, ndogo lakini imara.

"Wa tatu."

"Rajab kafia wapi?"

"Nyumbani. Alikwenda kumuuguza mama yake, mama akapona, homa ikamshika yeye. Walinipigia nipo kazini, zamu ya usiku, kunakucha, nasukuma kigari cha chai. Wakasema tumeshamzika. Nikawapa wazee chai yao. Kila mmoja na sukari yake. Sikukosea hata mmoja."

"Hukulia?"

"Ningeliaje? Wangeuliza."

Ziyad alisema, akitazama zulia, "Nilikuja nimwambie tumsomee khitma. Nikamkuta kakaa hapo sakafuni."

"Ni mie," Time alisema. "Ni mie niliyemwambia, Bi Miska, yeye hakutaka. Niliambiwa tangu naja, mume akiondoka na mie natoka. Nikasema moyoni, kufa si ndiyo kuondoka kabisa? Nikamwambia shemeji yangu, mmefanana, shika jina lake ufanye kazi, mpaka nijue pa kuelekea. Lakini yeye halali humu. Halali hata siku moja. Huja mlangoni na mkate na maziwa, akasimama, akaenda kwa wenzake Southall. Uhamiaji niliwadanganya. Eda ningeidanganya vipi?"

"Asinibebee," Ziyad alisema. "Nilikataa mara moja, nikakubali mara ya pili. Nilikuwa sina kazi wala karatasi. Jina la ndugu yangu lilinifaa na mie."

Bi Miska alikaa. Alitamani chai ingekuwa bado moto, aingojee ipoe, apate sababu ya kutosema. Lakini lililobaki lilikuwa zito kuliko yote, na hakuna mwengine wa kulisema.

"Sikiliza, Time. Hilo uliloambiwa ni nusu. Mume akitoka nchi hii kwa miguu yake, mke anaanguka. Mume akifa ni habari nyengine, sheria yao wenyewe inatofautisha. Ikiwa mke ameshakaa hapa na mumewe mwaka mzima, na anajitegemea kwa kazi yake, anabaki. Pramila amenieleza kwa wajane wengine. Nyie mlikaa pamoja hapa muda gani?"

"Miwili inakaribia."

"Basi."

Gari la polisi lilipita chini likilia, likaenda zake. Nyuma ya mlango kitu kilisugua ubao. Time alikuwa ameteremka akakaa chini.

"Kwa hivyo kufa kwake ndiko kulikokuwa kunanisitiri," alisema.

"Ndiko."

"Na mie ndicho nilichokificha."

Bi Miska alikisogeza kikombe pembeni.

Ziyad ndiye aliyeuliza. "Na sasa, Bi Mkubwa? Ukisemwa ukweli sasa?"

"Pramila atapigana. Mie siwaahidi kitu, msije mkasema niliahidi. Kifo kipo, cheti kitapatikana Pemba, na miaka yenu ya kukaa pamoja ipo. Lakini kuna miezi hii mitatu ya uongo, na wataiuliza. Watasema, ikiwa Rajab alikufa Oktoba, ni nani alikuwa Hayes?"

"Jina watalitaka?"

"Bila jina hawataamini mengine."

"Basi siendi," Time alisema. "Alhamisi siendi. Nifungieni mizigo nirudi Wete. Mama mkwe keshazika mmoja, nimpeleke wa pili mikononi mwa polisi ili mie nikae Barking? Hapana. Nitakwenda nimwambie mwenyewe nilivyofanya."

"Ukirudi Wete, mama atanunua dawa zake za kila siku kwa pesa gani?" Ziyad aliuliza. "Pesa ya hospitali ni yako, shemeji. Yangu ilikuwa ya jina la kuazima, nalo limekwisha."

"Nitauza mandazi."

"Mandazi yako yanavunja meno. Rajab mwenyewe alisema."

Kikapita kicheko kidogo nyuma ya ule mlango, kikakatika njiani kwa aibu. Kulitajwa jina la mtu aliyekufa na watu walikuwa wamecheka, na hapakuwa na aliyejua pa kutazama.

Bi Miska alisafisha koo. Alichosema hakuwahi kukisema katika kazi yake yote, na alikisema akitazama mikono yake.

"Naweza kumwambia Pramila nilimwona mtu Hayes, simjui ni nani. Mtu huyo asubuhi asiende kazini. London ni kubwa."

Ziyad alitikisa kichwa.

"Usiingie na wewe, mama. Tumo wawili, tunatosha." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Mie sijamswalia ndugu yangu. Msikiti wa Southall wananisalimia kwa jina lake, wananiambia Rajab, Mungu akupe umri. Naitikia amina. Kila asubuhi nikivaa beji ile naona kama namvua sanda. Mama akipiga simu, huniita Ziyad, namwambia taratibu mama, watu wanasikia. Mtoto wake mmoja yuko chini ya ardhi na mwengine anamwambia asimwite jina lake."

"Shemeji," Time alisema.

"Umenifunikia nywele miezi mitatu, hukuniaibisha hata siku moja. Niache na mie nifanye langu." Alimgeukia Bi Miska, na kwa mara ya kwanza tangu kwenye benchi la Hayes alimtazama usoni. "Toa kalamu. Andika. Aliyekuwa ghalani ni Ziyad bin Matar. Ndugu wa marehemu."

Neno hilo, marehemu, lilikuwa halijasemwa katika nyumba ile. Lilipita mlangoni likamkuta Time alipokaa, na kilichotoka huko kwanza hakikuwa sauti ya mtu. Ilikuwa kama pumzi iliyokwama tangu Oktoba. Kisha akalia, kilio cha nyumbani, cha kumwita mtu kwa jina lake na la baba yake na kumuuliza kamwachia nani. Bi Miska aliiacha kalamu mezani, akaenda, akausukuma mlango taratibu, akakaa naye chini.

Ngazini mlango wa jirani ulifunguka. Bibi wa Kiingereza, mwenye nywele zilizoviringishwa, alichungulia kupitia mlango ambao Ziyad hakuufunga, akauliza kama kuna tatizo, kama awaitie mtu.

"Ndugu yangu kafa," Ziyad alimjibu kwa Kiingereza. "Mume wa huyu."

"Jamani, pole. Pole sana." Bibi yule aliweka mkono kifuani. "Lini, mwanangu? Leo?"

Ziyad alisimama, akashika kizingiti.

"Oktoba," alisema.